Kompyuta Iliyouliza Mwenyewe ni Nani

Alhamisi, saa kumi jioni. Mvua imekatika, migomba bado inadondosha maji, na barabara ya kwenda senta hapa Nyamwaga ina tope la kumvua mtu kiatu akabaki amesimama kama korongo.

Shajara, nianze na lile unalolijua tayari. Mimi ni mtu wa bahati. Kutoka Susuni mpaka Mugumu sijaona mwenye bahati kama yangu, na sisemi kwa kukaa nyumbani: Mwanza nimefika, Kisumu nimefika, Nairobi nimefika mara mbili, na moja kati ya hizo nililala kabisa. Kuna wanaume wananunua tiketi za bahati nasibu pale Sirari mwaka hadi mwaka hawapati hata kofia. Mimi nilinunua moja, siku moja, tena nikiwa na haraka zangu, nikarudi nyumbani na kompyuta mpakato. Niliandika hapa hapa wakati ule. Mlionisoma mlinipongeza, na wengine mliomba niwanunulie na ninyi tiketi kwa mkono wangu.

Basi bahati hiyo tangu Jumatatu imekuwa ikinitoa jasho.

Kwenye kona ya chini ya kioo, upande wa kulia, yametokea maandishi ya Kiingereza, mepesi kama moshi wa jikoni. Yanasema mfumo wa kompyuta haujaamilishwa, niende kwenye mipangilio niuamilishe. Kuamilisha ni neno la vitabuni, na mimi nimelijua juzi tu. Maana yake ni kwamba kompyuta inataka kuthibitisha kuwa ile programu kuu inayoiendesha ina leseni halali, haikuibwa mahali. Usipoithibitishia haikufungii mlango. Inawaka, inaandika, inapiga muziki. Inakunyima vitu vidogo vidogo tu. Mimi imenikatalia kubadili picha ya nyuma, nilikuwa nataka kuweka dume langu jipya la ng'ombe. Na yale maandishi hayaondoki. Ukifungua barua yapo, ukifungua picha ya harusi yapo, juu ya gauni la bibi harusi.

Kwa mtu mwingine hiyo ni kero. Kwangu ni kazi.

Chama chetu cha wafugaji wa maziwa kinatafuta karani. Mpaka leo maziwa ya kila mtu yanaandikwa kwenye daftari ambalo panya wamekula kuanzia herufi M, kwa hiyo kina Marwa na kina Mwita wote wanalipwa kwa kukumbuka. Sasa kuna mradi umekuja kusaidia, na mradi una masharti. Katibu wetu, mama Nyangi, alinisomea polepole kama anayesoma hukumu: mwombaji awe mwenyeji, ajue kuchapa, awe na kompyuta yenye mfumo ulioamilishwa kihalali, na kwenye fomu ajaze jina la mwenye leseni. Kesho Ijumaa saa nne asubuhi mkaguzi wa mradi anakuja, atafungua kila kompyuta atazame mwenyewe.

Tumeomba wawili. Mwenzangu ni mama mmoja wa Nyarero mwenye cheti cha kompyuta chenye mhuri. Mimi cheti sina. Kidato cha pili nilikiacha kikiwa bado kinanihitaji. Lakini barua za wajane wa kata hii nimechapa mimi, bure, na ratiba za misiba, na barua ya babu mmoja kwa mwanawe aliyepotelea migodini, ile niliilia mwenyewe nikiichapa.

Nitasema jambo moja ambalo silisemi kwenye pombe. Nina miaka arobaini na moja, na sijawahi kuitwa kwa cheo chochote. Mtu akinitafuta anauliza, "Yule mchekeshaji yupo?" Nataka mara moja niitwe karani.

Sasa kilichotokea. Mwezi uliopita wageni walikuwa hapa sebuleni, na mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha maziwa ya mgando, nawaeleza namna nilivyoshinda kompyuta hii kwenye bahati nasibu. Mimi nikieleza, mikono inaeleza pia. Nilipofika kwenye sehemu ya kuitwa jina langu kwa kipaza sauti, kikombe kikanyanyuka, na maziwa yote yakaenda kwenye vibonye vya kuchapia. Kompyuta ikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa, ikazima.

Nikaipeleka kwa Mwita, fundi wangu wa Sirari. Mwita alijifunzia kazi upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo Kiswahili chake kimevuka naye. Akaifungua, akanusa, akaniita kijana kwa Kikurya: "Mura, hii imekuwa jibini." Mazabodi ilikuwa imekufa, ule ubao mkuu wa ndani ambao kila kitu kimefungwa juu yake. Akapata ubao mwingine kutoka kwenye kompyuta ya aina ile ile iliyovunjika kioo, akaubadilisha. Jumatatu nikaichukua. Inawaka vizuri kuliko zamani. Nikafika nyumbani nikaifungua, nikakuta ule moshi kwenye kona.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mfugaji.

Mimi najua mali inavyotambuliwa. Ng'ombe wetu tangu zamani wana alama ya ukoo ya kuchomwa kwenye ngozi, na alama iko nje, kila mtu aione. Kwa hiyo nikajiambia leseni ya kompyuta nayo iko kwenye ngozi. Nikaigeuza tumbo juu. Kweli, kuna karatasi imebandikwa, ina herufi na namba. Nikaifuta kwa kitambaa chenye mate, nikamulika kwa tochi mchana, nikasoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Nusu zilikuwa zimefutika. Nyingine nikabahatisha, si mimi ndiye mwenye bahati? Kompyuta ikakataa. Nikabahatisha upya, ikakataa upya. Jumanne yote ikaisha hivyo, na mke wangu Ghati akaniuliza kama naiombea.

Kumbe hata kama ingesomeka isingenisaidia, ilikuwa ya mfumo wa zamani uliokuwemo kabla ya huu.

Nikachukua namba nyingine ya leseni kwenye mtandao, mtu ameiweka wazi, anasema tumieni ndugu zangu. Nikampenda yule mtu, anafanana na mimi. Lakini leseni yake ilikuwa imeshatumiwa na dunia nzima, na kompyuta ikaniambia hivyo, kwa adabu.

Jumatano asubuhi nikampigia Mwita.

"Hiyo ni kitu ndogo," akasema. "Leta mashine, naidunga dawa. Dakika tano itakuwa imekubali."

"Dawa gani?"

"Ya kuidanganya iamini iko na leseni. Itakaa miezi sita hivi. Ikiamka unaniletea tena naidunga tena, kama dawa ya kupe."

"Na mkaguzi akitazama?"

Mwita ana ubaya wake lakini si mwongo. "Akijua kazi yake ataiona. Lakini wewe wacha wasiwasi, wanaojua kazi yao ni wachache."

Nikacheka, nikamwambia asante, sitaki. Akauliza kwa nini, mimi tangu lini nimekuwa mchungaji wa kanisa. Sababu nilikuwa nayo ila haikuwa ya kusemwa kwenye simu.

Nikaamua nitaisoma kompyuta yenyewe inasema nini. Jana mchana kutwa nilikaa na ukurasa wa msaada, Kiingereza kigumu, kamusi ya simu mkononi, neno kwa neno. Majirani wakadhani nasoma Biblia. Na nikaelewa, Shajara. Nimeelewa mwenyewe, bila cheti, na hii si majigambo, hii ni kweli: leseni haikai kwenye ngozi. Inakaa imefungamana na mazabodi. Unajua zile hereni za serikali ambazo ng'ombe wetu wanavalishwa siku hizi? Mazabodi ndiyo sikio lenye hereni. Mwita alibadili sikio. Kompyuta ilipojitangaza huko ilikosajiliwa, wakasema hatukujui wewe.

Lakini ukurasa ule ukasema ipo njia. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuamilisha, unabonyeza palipoandikwa tatua tatizo, halafu unachagua maneno yanayosema nimebadilisha kifaa ndani ya kompyuta hivi karibuni. Nikafanya hivyo.

Likafunguka dirisha dogo. Halikuniuliza mazabodi ni ya wapi. Halikuuliza habari za maziwa. Liliomba barua pepe ya mwenye leseni, yule aliyekuwa ameisajili kabla ubao haujabadilishwa.

Nikaifunga kompyuta, nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshiba.

Hapa nitaandika jina ambalo sijawahi kuliandika kwenye habari ya kompyuta hii. Robi.

Robi ni dada yangu, nimemtangulia miaka miwili. Ni mwalimu huko Serengeti, kijiji kimoja mbele ya Mugumu. Kwa msiojua desturi yetu Wakurya, niwaeleze kwa ufupi. Msichana akiolewa, ng'ombe wake wa mahari wanaingia kwenye boma la baba, na mara nyingi ndio wanaotoka kwenda kumwolea mke kaka yake. Robi aliolewa mwezi wa sita. Mwezi wa nane ng'ombe wake wakapanda kilima kwenda kwa kina Ghati, na Ghati akaja kwangu. Ndiyo maana Robi akifika hapa hata kuku wanajipanga. Ghati anampa kiti changu, na mimi nakaa kwenye ndoo.

Leo saa tatu asubuhi nilimpigia. Mvua ilikuwa inapiga bati, Ghati yuko kibarazani anapukuchua mahindi, na mimi chumbani nimefunga mlango kama mwizi.

"Shikamoo kaka," akasema. Robi huniamkia vizuri kila mara kabla ya kunichinja.

Nikamweleza. Maziwa, mazabodi, maandishi kwenye kona, chama, mkaguzi kesho saa nne. Nikamwomba barua pepe yake na neno la siri. Akanitajia. Nikaandika. Kompyuta ikasema imetuma namba sita kwenye simu ya mwenyewe, na namba zenyewe zinadumu dakika chache tu.

"Zimefika," akasema Robi.

"Nisomee."

"Nakusomea. Ila kwanza, kuna mwalimu mwenzangu hapa, kwao Nyarero. Anasoma unavyoandika kwenye mtandao. Amenionyesha kwamba kaka yangu alishinda kompyuta Sirari, akaitwa kwa kipaza sauti. Tumefurahi sana. Hiyo ni kompyuta nyingine?"

"Robi, namba zitaisha muda."

"Zikiisha tutaomba nyingine. Mimi nina kipindi saa tano, na sasa ni saa tatu."

Nikajaribu utani. Nikasema mtandao umejaa waongo siku hizi. Hakucheka. Nikasema mvua ni kubwa sisikii vizuri. Akaacha Kiswahili, akanihamia kwa Kikurya, na hapo nilijua mambo yamekuwa mazito, maana kwa Kikurya Robi anaongea kama marehemu baba.

Kwa Kikurya aliniambia hivi: kompyuta alinunua yeye alipokuwa masomoni, akala ugali na dagaa mwaka mzima. Aliniachia niitumie na kuitunza. Kama nimeimwagia maziwa, hilo limepita. Lakini kuna jambo hajaelewa, na anataka nimweleze mbele ya wifi yake. "Weka spika," akasema. "Mwite Ghati."

Namba sita za kwanza zikaisha muda hapo.

Nitakuwa mkweli. Nilifikiria kukata simu nikaitafute dawa ya Mwita. Sirari si mbali. Miezi sita ni mingi. Mkaguzi huenda hajui kazi yake. Nilishika simu namna hiyo, nikaona ule moshi kwenye kona, nikajiona kesho nimekaa mbele ya mama Nyangi, natabasamu, naomba mtu mwingine asiijue kazi yake ili mimi nipate yangu.

Nikafungua mlango, nikamwita Ghati.

Alikuja na ungo wa mahindi kiunoni. Nikaweka spika. Nikasema. Sikupamba. Nilishangaa ilivyo fupi, maana ule uongo ulikuwa unanichukua robo saa nzima na kikombe mkononi, na ukweli uliisha kabla Ghati hajaweka ungo chini.

Ghati akauliza, si kwangu, kwenye simu:

"Wifi, yule kuku wangu wa madoadoa niliyempeleka kanisani kutoa shukrani, nikasimama mbele ya watu. Nilishukuru nini?"

"Wifi yangu," akasema Robi, "kuku ulimpeleka mahali sahihi. Ni ushuhuda tu uliokosewa."

Ghati hakucheka. Akabeba ungo wake akarudi kibarazani, na nikasikia punje zinaanguka tena, moja moja, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Robi akaniambia niombe namba upya. Namba zikaja, akanisomea polepole, mbili mbili, kama anavyowasomea watoto imla. Nikaandika. Ikatokea orodha ya kompyuta zake, zilikuwa mbili, ya shuleni na hii. Hii ina jina lake. Kwa muda wote huu nilioitembeza, ndani yake ilikuwa inajiita Robi, na mimi sijawahi kufika mahali pa kuliona. Nikaweka alama kwenye maneno yanayosema hii ndiyo kompyuta ninayoitumia sasa hivi. Nikabonyeza. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka.

Moshi ukaondoka.

Nilitaka kupiga yowe lakini nyumba haikuwa na hali ya yowe.

"Imekubali," nikamwambia.

"Vizuri. Kwenye fomu, pa mwenye leseni, andika jina langu. Kompyuta ni yangu, nimekuachia uifanyie kazi. Andika hivyo hivyo, nami nitakutumia ujumbe wa kukiri uwaonyeshe."

"Robi, watanicheka."

"Wewe si unapenda watu wacheke?" Halafu sauti yake ikalegea kidogo. "Kaka, chukua hiyo kazi. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kabla sijaenda shule. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa namchorea herufi chini kwa kijiti, kwenye mchanga wa zizini. Miaka yote hii nimejigamba kwa mambo ambayo sikufanya, na hilo moja nililofanya sijawahi kumwambia mtu.

Sasa najiuliza kwa nini nilidanganya. Hakuna aliyenilazimisha. Siku Robi aliponiachia kompyuta, jirani aliniuliza nimeitoa wapi. Nikataka kusema dada amenipa, na nikaona mbele yangu mke aliyekuja kwa ng'ombe wa Robi, bati la jikoni alilolituma Robi, na sasa kompyuta ya Robi. Nikaona nikisema na hii ni yake, nyumba yote itakuwa yake, nami nitabaki mwenye soksi zangu tu. Ulimi ukatoka wenyewe. Sirari, tiketi, kipaza sauti. Kipaza sauti niliongeza siku ya pili.

Fomu nimeshaijaza. Jina la mwombaji, langu. Jina la mwenye leseni, la Robi, kwa herufi kubwa, na chini yake nimeandika kwamba ni dada yangu na ameniazima. Kesho saa nne nitakuwa pale, hata kama nitafika bila viatu. Mama Nyangi akicheka acheke. Mkaguzi akisema wanataka mwenye kompyuta yake, nitamwambia anipe kalamu na lile daftari lililoliwa na panya, niandike mbele yake, aone mkono wangu. Yule mama wa Nyarero akichukua nafasi, atakuwa ameichukua kwa haki, na ile kazi nitaiomba tena mwakani. Siiachi.

Saa nane Ghati aliniletea uji. Haukuwa na sukari. Nikaunywa wote, nikamshukuru, nikamwambia nitamtafutia kuku mwingine wa madoadoa. Alikuwa ameshafika mlangoni akageuka.

"Na wale wa kwenye mtandao waliokupongeza," akasema, "utawaambia lini?"

Ndiyo maana naandika leo, kabla ya kesho, kabla ya kujua kama nimepata. Mtu akishapata kazi kukiri ni rahisi.

Kompyuta hii ni ya Robi. Bahati nasibu ya Sirari sikushinda. Hata tiketi sikununua.